Unamuuguza mzazi mwenye dimensia? Anza na zamu

Wapendwa mnaouguza wazazi au bibi zetu wenye huu ugonjwa wa kusahau, hasa nyie mliobaki nyumbani Dodoma wakati ndugu wengine wako Dar au Mwanza, leo naomba tuongee kuhusu nyie wenyewe. Mgonjwa anaulizwa hali kila siku, wewe unayemwogesha na kukesha naye hakuna anayekuuliza.

Kitu cha kwanza kabisa ni zamu. Ile ya "ukihitaji msaada sema" haijawahi kumpumzisha mtu. Ingia kwenye grupu la familia uandike siku, saa na jina, mfano Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na mbili anakaa shangazi, Jumatano usiku analala kaka. Andika na kazi zenyewe, kwamba atamnywesha uji, atambadilisha nguo, atafunga geti maana mama anatoka kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Mtu akijua anachoitiwa anakuja. Grupu likinyamaza piga simu mmoja mmoja. Aliye mbali asiishie kuuliza "anaendeleaje", atume hela alipwe jirani anayeaminika akae naye hizo saa chache. Na wewe hizo saa usifulie wala usiende mashineni kusaga, jamani! Lala, nenda kikoba, nenda kwaya, kaa na mtu mcheke.

Usingizi ndo unaomaliza watu. Wagonjwa wengi wanachachamaa jua likianza kuzama, wanazunguka, wanataka kwenda kwao na wako kwao. Kwa hiyo mchana mtoe nje kwenye mwanga atembee kidogo, asilale mchana kutwa, jioni washa taa mapema punguza na redio. Akisema nipeleke Mpwapwa usibishane, kubishana kunakuchosha wewe tu na yeye atarudia tena, muulize habari za huko Mpwapwa, walikuwa wanalima nini, mara nyingi anatulia. Hasira ikipanda mpaka unahisi mkono unataka kunyanyuka, hakikisha yuko salama, toka uani, vuta pumzi, nawa uso, ndo urudi. Hiyo hasira haimaanishi humpendi, umechoka.

Majirani waambie ukweli mapema: ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala laana. Bibi akianza kuongea peke yake usiku maneno yanasambaa, na hayo maneno yanakuumiza wewe kuliko hata kazi. Mwambie na balozi, na vijana wa bodaboda pale kijiweni, wakimwona barabarani wamrudishe, utapata angalau roho ya kutulia.

Akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili mpeleke hospitali, inaweza kuwa maambukizi kama UTI, yale ya njia ya mkojo, usijilaumu kwamba hukumtunza. Nawe kapime presha, dawa zako usiache. Ukiona wiki zinapita hulali hata ukipata nafasi, unalialia, chakula hakipandi, au unawaza bora ufe, usingoje, nenda ukaonwe. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa hapa Dodoma na watu wanaliogopa jina bure, kuonwa kliniki si lazima ulazwe. Vidonge vya usingizi vya mgonjwa usivimeze wewe, na usimwongezee dozi ili upate kulala, muulize daktari kwanza.