Ndege Ikitoka Karakana, Iogope

Marubani wapya huiogopa ndege kuukuu iliyoshinda angani tangu alfajiri. Mimi ni kinyume. Iliyoruka mara 5 leo bila neno naikagua kwa makini ya kawaida. Ile iliyolala karakana, ikafunguliwa, ikaoshwa, ikarudi inang'aa, hiyo ndiyo inayonitoa jasho. Sisemi hivi kwa kuwadharau mafundi, maana ndio walionifikisha umri huu. Nasema tu kwamba kifuniko ambacho hakikufunguliwa usiku hakiwezi kusahauliwa wazi asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujashika tochi, shika kitabu cha ufundi. Soma kazi zote zilizofanywa tangu safari iliyopita, uziandike kwenye kipande cha karatasi: gurudumu la pua, injini ya kulia, na kadhalika. Hapo ndipo utakaposimama mara mbili. Maandishi yasiposomeka, mtafute fundi mwenyewe. Usimuulize "kila kitu sawa?", kwa sababu atakujibu "sawa" kabla hujamaliza kusema. Muulize: "Fundi, ulifungua nini, na nani alifunga?" Akianza kukuna kichwa, umeshapata kazi ya kufanya.

Kuna makosa ambayo hata ungeizunguka ndege mara 10 usingeyaona. Juni 1990, ndege ya British Airways ya aina ya BAC One-Eleven iling'oka kioo cha mbele ikiwa angani Uingereza. Kioo kilikuwa kimebadilishwa siku moja tu kabla, na kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Fundi alizichagua kwa kuzifananisha na za zamani. Nahodha alivutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania, rubani msaidizi akatua Southampton, na nahodha akapona. Hilo si la tochi yako. Yaliyo ya tochi yako ndiyo haya yanayofuata.

Anzia puani, upande wa kushoto, uzunguke hadi urudi pale pale. Kila siku njia hiyo hiyo. Kwenye mirija inayopima mwendo hakikisha vifuniko vimetoka na wadudu hawajajenga ndani. Usiishike, ikiwa imewashiwa kipasha joto chake itakubabua. Kisha tafuta vile vitundu vidogo ubavuni vinavyopima shinikizo la hewa, mulika kwa pembeni, si kwa kuelekeza mwanga moja kwa moja. Utepe wa rangi ya fedha juu ya bati la rangi ya fedha hauonekani ukiumulika usoni. Oktoba 2, 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima, Peru, usiku ikiwa vitundu vyake bado vimezibwa kwa utepe uliobandikwa wakati wa kuiosha. Vitundu vikizibwa, vipimo hudanganya, kwa hiyo marubani hawakuwa na kipimo cha kuaminika cha kimo wala cha mwendo. Ndege ilipiga bahari, wakafa watu wote 70.

Matairi, breki, mafuta yanayovuja: haya yanaonekana na macho yoyote yaliyoamka, sitayarefusha.

Kwenye injini, piga magoti. Nasema magoti, si kuinama. Makomeo ya vifuniko vya injini yako chini kabisa, na mtu aliyesimama huona kifuniko kimekaa vizuri kumbe kinaning'inia tu. Mei 2013 ndege ya British Airways ya aina ya Airbus A319 iliruka kutoka Heathrow, London, vifuniko vya injini zote mbili vikiwa havijakomewa. Usiku mafundi waliviacha hivyo ili warudi kumalizia, nao kwa makosa wakarudi kwenye ndege nyingine. Rubani msaidizi alipita, waliosukuma ndege walipita, hakuna aliyeona. Vifuniko viling'oka wakati wa kupaa, injini ya kulia ikashika moto, wakarudi salama. Suruali yenye vumbi magotini inafuliwa.

Sasa aibu yangu. Asubuhi moja nilikuwa mbele ya gurudumu la pua, mkono umeshaelekea kwenye pini inayolifunga lisikunjike ndege ikiwa chini, ambayo huchomolewa kabla ya kuruka, mtu wa mafuta akaniita nitie sahihi. Nikatia. Tukaongea kidogo habari za mvua. Niliporudi, niliendelea kutoka nilipodhani nimefikia, yaani gurudumu lililofuata. Tulipopaa na kuagiza magurudumu yakunjwe, la pua lilikataa. Tukarudi kutua, na nahodha hakunisemesha hadi tuliposimama. Pini ilikuwa pale pale na utepe wake mwekundu unapepea. Nilipita karibu nao mara mbili, lakini jicho lililokwisha jiambia "hapa nimemaliza" halioni hata chekundu.

Tangu siku hiyo nina desturi mbili. Mtu akinikatiza, narudi nyuma vituo viwili, hata kama mvua inanyesha. Na pini nazihesabu kwa vidole ndani ya boksi lake: moja, mbili, tatu. Kumwona fundi akizichomoa hakunitoshi.

Ukipanda ndani ukaguzi haujaisha, maana karakana huacha alama hata kwenye swichi. Agosti 14, 2005, Boeing 737 ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Kupro, swichi ya shinikizo la hewa ya ndani ikiwa upande wa kuendeshwa kwa mkono badala ya otomatiki. Ndivyo ilivyoachwa baada ya mafundi kupima kama mlango unavuja. Marubani waliipita kabla ya kuruka, wakaipita tena baada ya kuwasha injini, wakaipita tena walipopaa. Hewa ikawaishia, wakapoteza fahamu, ndege ikajiendesha yenyewe hadi mafuta yakaisha, ikaanguka Ugiriki na watu 121. Basi karatasi uliyoandika kule chini usiitupe. Iweke mapajani, na kila swichi inayohusika na kazi ya usiku, iguse kwa kidole huku ukisoma kwa sauti imeelekea wapi. Mwenzako akicheka, mwache acheke. Halafu mpe naye asome.