Namna ya Mzazi Kushiriki Raundi ya Wodi ya Watoto Wachanga na Kulinda Siri Zake

Raundi ya asubuhi, yaani madaktari wanapopita kitanda hadi kitanda kuwaona watoto, huenda haraka, na kwa kila mtoto huenda daktari akasimama dakika chache tu. Kwa hiyo muulize mapema muuguzi wa zamu raundi inaanza saa ngapi, nawa mikono, kisha uwe kando ya mtoto wako ukiwa na kidaftari. Humo uwe umeandika mambo ya usiku: "Saa 9 usiku, maziwa mililita 20 kwa mrija, hakutapika. Saa 12 asubuhi, mililita 20, amekojoa, choo cha njano." Maelezo hayo yatamfaa daktari kuliko kumwambia kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Uzito ukishuka siku za mwanzo usitaharuki, kwani mtoto mchanga huweza kupoteza hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa na kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Uliza umebadilika kwa gramu ngapi tangu jana, maziwa yataongezwa kiasi gani, na kama mtoto yuko tayari kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi.

Suala la siri ni gumu zaidi, kwa sababu vitanda hubanana na sauti ya daktari haina pazia. Jina la dawa peke yake latosha kumwumbua mama: nevirapini, dawa ya VVU, ikitajwa kwa sauti, jirani anayeifahamu atakisia kwamba mama anaishi na VVU, ingawa hakuna aliyemwambia. Zungumza basi na muuguzi faraghani kabla ya raundi, umweleze yapi yasomwe kwenye faili bila kutamkwa na yapi yajadiliwe pembeni, na nani katika familia aruhusiwe kusikia. Mama mkwe aliyeleta uji amefanya wema, lakini uji haumpi ruhusa ya kusikiliza majibu ya vipimo vyako. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ombi lako si usumbufu. Wakifuatana wanafunzi wengi, unaweza kuuliza ni akina nani na kuomba wapungue.

Madaktari wakihamia kwa jirani, sogea ukakamue maziwa, na usipige picha inayoonyesha mtoto wake au karatasi yenye jina la mama. Baba aliye safarini apigiwe baadaye, ukiwa nje barazani, bila kuweka spika.