Sahihi kwenye logibuku ya mwanafunzi wa helikopta: nini kiandikwe, na nani anabanwa nayo

Mwongozo huu ni wa anayejifunza kuruka Robinson R22 nchini Marekani, na wa mwalimu wake pia. Kanuni ni za mamlaka ya anga ya huko, FAA, hasa sehemu ya 61. Siku ukirudi nyumbani kuomba leseni yako itambuliwe, logibuku hiyohiyo, yaani daftari la kumbukumbu za safari zako, ndiyo utakayoweka mezani, kwa hiyo ikae sawa tangu ukurasa wa kwanza.

Tuanze na mstari wa somo. Kanuni 61.51 inataka tarehe, aina ya helikopta na namba yake ya usajili, mlikotoka na mlikofika, na muda wa kuruka. Mwalimu anaongeza maelezo ya alichofundisha, urefu wa somo, sahihi yake na namba ya cheti chake. Zamani aliandika pia siku cheti kinapoisha. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 vyeti vipya vya walimu havina mwisho; kinachohesabika ni miezi 24 ya kuonyesha kwamba bado yuko kazini, na tarehe ya ukomo wa miezi hiyo ndiyo inayoandikwa.

Walimu wengi huteleza kwenye maelezo. "Kuelea, saketi, 1.2" hayamwambii mtahini kitu. Andika hivi: "Kuelea futi 3 hadi 5, kugeuka papo hapo digrii 90 kila upande, kupaa na kutua kwa kawaida mara 6, otoroteshoni 4 za kwenda mbele zilizomalizwa kwa kurudisha nguvu, kutambua na kurekebisha kushuka kwa mizunguko ya rota gavana ikiwa imezimwa." (Otoroteshoni ni kushuka rota ikizungushwa na hewa badala ya injini; gavana ni kifaa kinachoshikilia mizunguko ya rota.) Mistari mitatu tu, lakini mwalimu mwingine akimchukua mwanafunzi huyo kesho anajua aanzie wapi.

Kuhusu muda, angalia saa ya Hobbs, kipimo cha muda kilichomo ndani ya helikopta, imeunganishwa na nini. Ikiwa inaanza kuhesabu shinikizo la oili likipanda, inahesabu pia dakika za kupasha injini na za kuipoza. Muda wa kuruka kisheria huanza helikopta inapojisogeza kwa nguvu yake yenyewe kwa nia ya kuruka, na R22 inasimama juu ya skidi (vyuma virefu vya chini), haina magurudumu ya kuitembeza, kwa hiyo muda huanza inaponyanyuka. Sehemu chache za kumi za saa kila somo, mara masomo 40, zinatosha kukuacha pungufu ya saa siku ya mtihani. Hesabu ya bili na hesabu ya logibuku si lazima zifanane.

R22 na ndugu yake R44 zina kanuni yao ya ziada, SFAR 73, iliyoanza mwaka 1995 baada ya mfululizo wa ajali za rota kupoteza mizunguko na za kitovu cha rota kugonga mhimili unaoibeba. Inasema mtu asishike vidhibiti kwa nia ya kuruka kabla hajapewa somo la ardhini na mwalimu kulitilia sahihi. Somo linahusu usimamizi wa nishati, kugongwa kwa mhimili wa rota, mizunguko midogo ya rota na bawa lake kupoteza nguvu ya kunyanyua, hatari ya uzito kupungua hewani, na kasi ambayo mizunguko hupotea. Naam, hata mgeni aliyelipia safari moja ya kuonja: ama apewe somo hilo na sahihi, ama akae mikono mapajani.

Sasa kuruka peke yako. Kwanza mwanafunzi afanye mtihani wa maandishi unaotungwa na mwalimu, kuhusu kanuni zinazomhusu, anga la uwanja atakaorukia, na tabia na mipaka ya helikopta yenyewe. Jibu lililokosewa lirudiwe pamoja kabla ya ruhusa, na sahihi ya mtihani huu isimame peke yake. Ya pili ni sahihi ya mafunzo ya kuruka kwa aina na modeli ile. Ya R22 haikupeleki kwenye R44. Kwa R22, SFAR 73 inadai pia angalau saa 20 za mafunzo na mwalimu ndani ya R22 yenyewe, pamoja na mafunzo ya kina ya otoroteshoni na ya kulinda mizunguko bila gavana. Mwisho ni sahihi ya ruhusa, inayodumu siku 90.

Siku 90 si miezi mitatu. Ruhusa iliyotiwa sahihi tarehe 3 Machi inaishia tarehe 1 Juni. Mwanafunzi anayeruka tarehe 2 Juni kwa kuhesabu miezi kwa vidole hana ruhusa. Mwalimu naye asiandike tarehe ya nyuma ili kuziba pengo: kanuni 61.59 inaita hiyo kughushi, na cheti kinaweza kufutwa.

Mwalimu aandike pia mipaka: upepo, uwanja gani, eneo gani la mazoezi. Mwanafunzi akivuka mpaka ulioandikwa kwenye logibuku anavunja kanuni 61.89. Mpaka wa upepo uwe chini kabisa ya ule wa R22 kwa rubani asiye na uzoefu, ambao ni noti 25 (noti ni maili moja ya bahari kwa saa) pamoja na mipigo ya ghafla ya upepo, na tofauti ya mipigo hiyo isiyozidi noti 15. Kwa anayeruka peke yake mara ya kwanza, noti 10 zinatosha.

Mwanafunzi, muulize mwalimu sifa zake kabla hujalipa, kwa adabu lakini bila kuona haya. Kufundisha kwa ajili ya cheti cha helikopta kunahitaji awe na saa 5 za urubani mkuu katika modeli hiyo. Kwa R22 inatakiwa zaidi: saa 200 za helikopta, 50 kati yake katika R22, na idhini yake ya SFAR iliyoandikwa. Bila hiyo, sahihi zake za R22 hazina nguvu, na ni wewe utakayerudia masomo.

Kabla ya mtihani wa vitendo, saa 3 za maandalizi ziwe ndani ya miezi miwili ya kalenda kabla ya mwezi wa mtihani. Mtihani ukiwa tarehe 20 Mei, masomo ya tarehe 1 Machi na kuendelea yanahesabika; ya tarehe 28 Februari hayahesabiki. Ukifeli, mwalimu akufundishe tena na atie sahihi mpya kabla ya kurudi.

Mwalimu ana daftari lake. Kanuni 61.189 inamtaka aandike jina la kila aliyemruhusu kuruka peke yake na tarehe, na kila aliyemwidhinisha kufanya mtihani, aina yake na matokeo, na ahifadhi kwa miaka 3. Asifundishe kuruka zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika lililo sawa juu yake, kisha mhusika aweke herufi za kwanza za jina lake na tarehe. Wino mweupe hapana. Na piga picha kila ukurasa wenye sahihi jioni ileile: daftari la mwalimu halina masomo yako mstari kwa mstari, na logibuku ikipotea halitakurudishia saa zako.