Namna ya Kutembelea Monasteri ya Kale na Bustani Zake Ukitokea Nakuru au Kisumu

Anayetaka kutembelea monasteri katika ukanda wa Nakuru hadi Kisumu aanze kwa kujua anakwenda kwa nani, kwa sababu si kila nyumba ya watawa ni monasteri, na si kila monasteri ingali na wamonaki (watawa wanaoishi kwa sala ndani ya monasteri) walioijenga. Mfano ulio wazi ni monasteri ya Mama Yetu wa Victoria iliyoko Kipkelion, kaunti ya Kericho, mahali ambapo enzi za ukoloni palijulikana kwa jina la Lumbwa. Ilianzishwa mwaka 1956 na Watrapisti, shirika la wamonaki wa Kikatoliki, kutoka Tilburg, Uholanzi, nao waliishi hapo kwa sala na kazi ya mikono kwa zaidi ya miaka 50. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia ndani ya uwanja huo kutafuta usalama, na mwaka 2008 jumuiya ya Watrapisti ilihamia Uganda. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, wasiliana na ofisi za Jimbo Katoliki la Kericho, uulize ni nani anayewapokea wageni na ni siku zipi zinazofaa. Ukifika, usiwadodose wenyeji kuhusu yaliyotokea mwaka ule. Atakayependa kusimulia atasimulia mwenyewe, na wewe kazi yako ni kusikiliza.

Kwa mkazi wa Nakuru ambaye hawezi kufika Kipkelion, Subukia ni karibu zaidi, na matatu za kwenda Nyahururu hupitia huko. Pale pana Kituo cha Kitaifa cha Hija cha Bikira Maria, kinachohudumiwa na Wafransisko Wakonventuali. Hao si wamonaki wa ndani ya ugo (eneo la watawa pekee), bali ni mabruda na mapadre wanaotoka kwenda kuwahudumia watu, kwa hiyo mazungumzo nao ni mepesi kuliko kwa Watrapisti. Njia ya kupanda mlima hadi kwenye chemchemi inahitaji viatu imara na mwendo wa taratibu, hasa ukiwa na wazee. Mapema Oktoba, mahujaji wa nchi nzima hukusanyika hapo kwa siku ya kitaifa ya maombi. Hiyo ni siku njema ya kusali pamoja na umati, lakini anayetafuta utulivu achague siku ya kawaida katikati ya juma.

Bustani ya monasteri haikuwekwa kwa ajili ya wageni. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki ulioandikwa katika karne ya 6 na ambayo Watrapisti pia huifuata, inaagiza katika sura ya 66 kwamba maji, kinu, bustani na kazi za ufundi viwe ndani ya monasteri kadiri inavyowezekana, ili wamonaki wasilazimike kuzurura nje. Ndiyo sababu mgeni anayetarajia maua pekee huona pia sukuma wiki, viazi, mizinga ya nyuki na zizi la ng'ombe, vyote katika mpangilio mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzuri wenyewe: mahali pa kulima chakula chako na mahali pa kumshukuru Mungu kwa chakula hicho havitengani.

Kanuni hiyo hiyo, katika sura ya 53, inataka kila mgeni apokewe kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Ukarimu wa namna hiyo ni mzigo kwa anayeutoa, na njia bora ya kuupunguza ni kutoa taarifa mapema. Ujumbe mfupi watosha: "Tumsifu Yesu Kristo, Bruda. Sisi ni watu wanne kutoka Nakuru. Tunaomba kufika Jumatano saa tatu asubuhi, tushiriki sala ya adhuhuri na kukaa bustanini hadi saa nane. Je, siku hiyo inafaa?" Eleza pia iwapo mtahitaji chakula, au iwapo mnataka kulala hapo kwa mafungo, maana vyumba vya wageni huwa vichache.

Panga saa zako kufuatana na saa za wenyeji wako. Katika monasteri ya Kitrapisti siku huanza kabla ya alfajiri kwa sala ya usiku, na jumuiya hurudi kanisani mara saba kwa siku, kwa kufuata Zaburi ya 119 inayotaja kumsifu Mungu mara saba. Kengele ikilia, bruda uliyekuwa ukizungumza naye atakatiza maneno na kuondoka, naye hakudharau. Mfuate kanisani kimyakimya, ukae viti vya nyuma, usimame wanaposimama na kuketi wanapoketi, hata kama zaburi huzijui na wewe si Mkatoliki. Wanaume wavue kofia. Vazi linalofunika mabega na magoti linafaa kwa wote, na leso mkobani husaidia kwa lolote litakalopungua.

Huko bustanini, zima sauti ya simu na umwombe mwenyeji ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za watawa. Pita kwenye vijia vilivyokanyagwa, wala usikate njia kati ya matuta, kwani mara nyingi udongo unaoonekana mtupu una mbegu iliyopandwa jana. Usichume pera hata likiwa limeanguka, wala usisogelee mizinga. Palipo na ua la kayaba na lango lililofungwa, huenda ndipo ugo unapoanzia. Rudi nyuma bila kuchungulia. Kisha tafuta benchi moja, ukae hapo muda mrefu badala ya kuzunguka kila pembe. Nusu saa ya kwanza akili bado iko barabarani, na wengi huondoka wakati huo huo inapoanza kutulia.

Nyanda za juu za Kericho hupata mvua ya alasiri katika miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo fika asubuhi, ubebe sweta na mwavuli. Uchangamfu wa watoto si kosa, ila ni vyema mmoja wa wazazi awe tayari kutoka nao wakati wa sala. Kabla ya kuondoka, mtafute aliyekupokea umuage. Iwapo wanauza asali, maziwa au mboga, nunua bila kushindania bei, na sadaka uiweke kwenye sanduku lililotengwa, usimtilie bruda mkononi, kwa sababu ameweka nadhiri ya kutomiliki mali yake binafsi.