Somo: Ashwagandha na rodiola kwa mkimbiaji wa mbio ndefu wa Mombasa

Katika kundi letu la wakimbiaji mazungumzo ya ashwagandha na rodiola yamezidi. Wengine wameshanunua, wengine wanaulizia bei. Naandika somo hili kwa sababu naona watu wakimeza vidonge kuziba pengo ambalo vidonge haviwezi kuliziba, na wengine wakizikataa dawa hizi kwa hofu tu bila kuangalia utafiti unasemaje. Fuateni hatua kwa mpangilio. Mbili za mwanzo hazihitaji kununua chochote, nazo ndizo zenye uzito.

Ashwagandha na rodiola huitwa adaptojeni, yaani mimea inayotumiwa kuusaidia mwili kuvumilia mkazo. Wazo hilo lilijengwa na wanasayansi wa Kisovieti: Nikolai Lazarev mwaka 1947, kisha Israel Brekhman aliyeuchunguza mmea wa eleuthero. Ashwagandha ilikuwa ikitumika India karne nyingi kabla ya hapo, na rodiola huota nchi za baridi kama Siberia. Zinachunguzwa sana kwa jinsi zinavyoigusa kortisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Msiichukie kortisoli. Hiyo ndiyo inayofungua akiba ya mwili ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Matata huja isiposhuka kwa wakati wake: mazoezi juu ya kazi, kazi juu ya joto, na usiku usingizi wa saa tano.

Hatua ya kwanza: Ujue mzigo wako

Chukua daftari. Kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima na uyaandike. Andika na saa ulizolala. Ukimaliza mazoezi jipe alama ya ugumu, 1 hadi 10, halafu izidishe kwa dakika ulizokimbia. Mfano:

Jumanne: mapigo 54, usingizi saa 7, Mama Ngina hadi Makupa na kurudi, dakika 50, ugumu 6. Mzigo 300.

Alhamisi: mapigo 61, usingizi saa 5, njia ile ile, dakika 50, ugumu 9. Mzigo 450.

Njia haikubadilika wala dakika hazikubadilika, lakini mwili umebeba mara moja na nusu. Mapigo yakikaa juu ya kawaida yako kwa 5 hadi 10 asubuhi kadhaa mfululizo, huku hamu ya kula imepungua na usingizi unakatikakatika, punguza mazoezi. Hapo si wakati wa kwenda dukani.

Na hapa kwetu joto ni sehemu ya mzigo. Unyevu wa pwani hulifanya jasho litiririke badala ya kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Wanaoyakumbuka mashindano ya dunia ya mbio za nyika, tarehe 24 Machi 2007 kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, wanajua nisemalo. Kenenisa Bekele, aliyekuwa bingwa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mgeni anayetoka bara huhitaji siku 10 hadi 14 kuuzoesha mwili joto hili. Hata sisi wenyeji, wakati wa kaskazi tuanze saa 11 alfajiri. Jipime uzito kabla na baada ya mbio: mwenye kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 1.2, hakunywa vya kutosha.

Hatua ya pili: Chakula na usingizi

Mkimbiaji anayejinyima chakula hupandisha kortisoli kwa mkono wake mwenyewe. Kula wanga: muhogo, viazi vitamu, wali, mahamri na mbaazi, tende. Mbio zikizidi saa moja na nusu, chukua gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ukiwa njiani. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo ukilinganisha na ile tunayoimwaga kwa jasho, kwa hiyo chumvi usiikimbie. Dada zangu, hedhi ikikatika msiseme ni alama ya kuwa mko fiti. Mara nyingi ni mwili unaodai chakula, na mifupa ndiyo inayolipa.

Kaa na hatua hizi mbili kwa wiki 4 kamili. Wengi uchovu wao huishia hapa.

Hatua ya tatu: Chagua mmea mmoja

Usichanganye. Ukimeza mitatu kwa pamoja na tumbo likavurugika, hutajua ni upi.

Ashwagandha ndiyo ninayoanza kuifikiria kwa mtu ambaye usingizi umemkataa na fikra hazitulii. Mwaka 2012 watafiti wa India waliwapa watu wazima wenye mkazo wa muda mrefu miligramu 300 za dondoo la mizizi, yaani kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mizizi, mara mbili kwa siku, kwa siku 60. Kortisoli ilishuka kwa takriban asilimia 28, wakati kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa ilishuka kwa asilimia 8. Wale hawakuwa wanariadha. Mwaka 2015 dozi hiyo hiyo ilijaribiwa kwa watu 50 wanaofanya mazoezi, kwa wiki 12, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukaongezeka kuliko wa wenzao. Matokeo yanatia moyo, ila watu 50 ni wachache, na mkimbiaji aliyekwisha kuiva asitarajie makubwa.

Rodiola ni ya uchovu wa mchana. Nchini Ubelgiji, mwaka 2004, vijana wenye afya walipewa miligramu 200 saa moja kabla ya kupimwa. Muda wao wa kuvumilia kabla ya kuishiwa nguvu ulipanda kutoka dakika 16.8 hadi 17.2. Ni sekunde 24 hizo. Kuitumia kila siku kwa wiki 4 hakukuongeza kitu juu ya hapo. Inywe asubuhi, kwa sababu jioni inaweza kukunyima usingizi.

Jinsengi na eleuthero zina tafiti zinazopingana. Mimi siziagizii watu.

Hatua ya nne: Kikague kichupa

Hapa nawaomba mniskize kwa makini, hasa mnaoshindana. Ashwagandha na rodiola hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hatari imo katika kile kisichoandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za virutubisho zilizonunuliwa nchi mbalimbali mwaka 2000 na 2001, ikakuta 94 zina homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Ukipimwa na ADAK, shirika la Kenya la kazi hiyo hiyo, ukakutwa na kitu, kusema hukujua hakukuondolei kosa, maana kinachoingia mwilini mwako ni dhamana yako. Mshindani anunue tu bidhaa yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, aitafute namba ya toleo lake kwenye tovuti ya wapimaji, na ahifadhi risiti pamoja na kichupa. Kama hupati chenye alama hiyo, usinunue. Afadhali uchovu kuliko kufungiwa miaka minne.

Lebo iseme sehemu ya mmea iliyotumika, miligramu za dondoo, na kiwango cha kiini chake: withanolidi kwa ashwagandha, rosavini na salidrosidi kwa rodiola. Lebo inayosema "mchanganyiko maalumu" bila vipimo irudishe rafuni.

Hatua ya tano: Nani asitumie

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye matatizo ya tezi ya shingo, na anayemeza dawa za kisukari, presha, usingizi au kushusha kinga ya mwili, asiiguse ashwagandha bila daktari. Anayemeza dawa za sonona au mwenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, hivyo hivyo kwa rodiola. Kuna watu walioumia ini kwa ashwagandha, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au muwasho wa mwili mzima, acha siku hiyo hiyo uende hospitali na kichupa chako mkononi.

Hatua ya sita: Jaribio lenyewe

Anza wiki isiyo na mashindano. Ashwagandha: miligramu 300 baada ya chakula cha jioni kwa wiki ya kwanza, kisha ongeza 300 za asubuhi. Usibadilishe viatu, ratiba wala chakula katika kipindi hicho. Endelea kuandika daftari. Baada ya wiki 8 acha, na uandike wiki 3 nyingine bila dawa. Linganisha mapigo ya asubuhi, saa za usingizi na ugumu wa njia ile ile. Tofauti isipoonekana kwenye karatasi, pesa hiyo nunulia samaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkimbiaji wa Majengo: Kocha, Marikiti wanauza unga wa ashwagandha kwa kipimo, bei rahisi sana. Naweza kutumia huo badala ya vidonge?

Jibu: Unga wa mzizi si dondoo. Kiini chake ni kidogo, na dozi za tafiti nilizozitaja haziwezi kuhamishiwa kwenye kijiko. Jambo la pili ni usafi. Watafiti wa Boston mwaka 2004 walipima dawa 70 za mitishamba ya Kihindi zilizokuwa zikiuzwa madukani huko, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Muuzaji wako anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado asijue gunia lilipita wapi. Mimi nakukataza, ndugu yangu.

Mfanyakazi wa bandarini: Nafanya zamu ya usiku wiki moja, mchana wiki nyingine. Nikitoka kazini saa 12 asubuhi naenda kukimbia moja kwa moja. Rodiola itanifaa?

Jibu: Kuna utafiti wa Armenia, madaktari 56 vijana wa zamu za usiku. Uchovu ulipungua wiki mbili za mwanzo, kisha faida ikafifia. Kwa hiyo inaweza kukusukuma kidogo, lakini ratiba yako ndiyo inayokuumiza. Wiki ya usiku usifanye mazoezi ya kasi. Toka kazini, kula, lala kwenye chumba chenye giza, ukimbie polepole jioni jua likipungua. Mazoezi magumu yaweke wiki ya mchana. Pia usinywe rodiola ukielekea kulala, hata kama nje ni asubuhi.

Kijana wa Kisauni: Sisi hatuna pesa za vichupa. Kuna wenzetu wanatafuna muguka kabla ya mbio, wanasema inatoa uchovu. Na kahawa je?

Jibu: Miraa na muguka zina kathini na kathinoni, vichangamshi vinavyokatazwa siku ya mashindano. Kathini ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, umepatikana na kosa. Zaidi ya hapo zinakuondolea njaa na usingizi, yaani zinakunyang'anya vile vile tulivyovitafuta katika hatua ya pili. Waambie wenzako waache, na uwaambie kwa upendo. Kahawa ni jambo jingine. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004, na ushahidi wake kwa mbio ndefu unaushinda wa adaptojeni yoyote niliyoitaja: miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla. Kikombe cha kahawa tungu kutoka kwenye dele hakina kipimo kinachojulikana, kwa hiyo jaribu kwanza siku ya mazoezi, wala si siku ya mashindano. Na kisiwe baada ya alasiri.

Dada wa Mji wa Kale: Assalaam aleikum mwalimu. Ramadhani inafika na ninajiandaa kwa mbio. Nimeze saa ngapi, na nikimbie saa ngapi?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza, kama hujaanza kuitumia, usianze Ramadhani. Mwili una mabadiliko ya kutosha, na daftari halitakuambia kipi kimeleta nini. Kama umeshaizoea ashwagandha, meza moja baada ya futari na nyingine kwenye daku, zote na chakula, maana tumbo tupu hulalamika. Mbio nyepesi zifanye dakika 30 au 40 kabla ya magharibi, ili maji yawe karibu. Zile ngumu zihamishie baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki zinatosha. Kilomita za jumla punguza. Na usingizi wa mchana, hata nusu saa, uuhesabu kwenye daftari.

Mama wa Likoni: Mimi nina miaka 52, natumia dawa ya tezi ya shingo kila asubuhi. Binti yangu ameniletea ashwagandha kutoka ng'ambo. Ni nzuri lakini?

Jibu: Shikamoo mama. Usiitumie kabla daktari wako hajasema. Ashwagandha inaweza kupandisha homoni za tezi hiyo, na wewe tayari unazipata kwa dawa. Zikizidi, moyo hukimbia hata ukiwa umekaa. Mwambie binti umeipokea na umeiweka. Ukienda kliniki, kibebe kichupa ukakionyeshe.

Mzazi wa Tudor: Mwanangu ana miaka 16, anakimbia mita 5,000 shuleni. Anaona wakubwa wakimeza naye anataka.

Jibu: Hapana. Tafiti nilizozitaja ni za watu wazima. Umri huo anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, staftahi kabla ya kwenda shule, na kocha asiyemkimbiza mashindano kila wikendi. Mlete Jumamosi saa 12 asubuhi pale Mama Ngina. Tutamfundisha kuandika daftari.