Kava la Ngozi la Kamera ya Mkanda: Ivalishe Njiani, Ivue Ukifika

Kila nikishuka Kibirizi, hapa Kigoma, na Zenit, kamera yangu ya mkanda, begani, lazima mtu anisimamishe. Wengi ni vijana wenye simu, wanataka kujua kama hicho kitu bado kinapiga picha. Lakini kila baada ya muda huja mmoja mwenye swali zito: nyumbani kuna kamera ya marehemu babu, imo ndani ya kava lake la ngozi tangu enzi hizo, je, aiache humo humo isiharibike? Namwambia aitoe leo, kabla jua halijazama. Habari ya kava tutaongea baadaye.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema mkanda, ni filamu, ule unaopigia picha kisha ukaupeleka kusafishwa. Kile cha kuning'iniza shingoni nakiita mshipi, tusije tukachanganyana. Na kava ninalolisemea ni lile gumu lenye vipande viwili: cha chini, kinachoshikwa na skrubu kwenye tundu la stendi, na cha juu chenye pua iliyotokeza kufunika lenzi. Lipo pia kava nusu, yaani kile kipande cha chini peke yake.

Hatua ya 1: Toa kamera, kagua kava

Zenit niliyo nayo ilikuwa ya mjomba wangu, aliyepiga picha za pasipoti na za familia hapa Mwanga miaka mingi. Aliponikabidhi ilikuwa Novemba, mvua zimeanza. Nikaifunga vizuri kwenye kava lake, nikaiweka kabatini katikati ya nguo, nikajiona mtunzaji. Nilipoifungua Mei, harufu ilinitangulia, kama kiatu kilicholowa kikasahaulika mvunguni. Ndani ya lenzi kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, mfano wa utando wa buibui aliyeanza kazi akaighairi. Ile ni koga. Fundi aliitoa, lakini alama zilibaki, kwa sababu koga ikikaa hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Mpaka leo nikiielekeza lenzi ile kwenye jua la ziwani, picha inatoka na weupe kama imepigwa kupitia chandarua.

Sababu ni ngozi yenyewe. Inafyonza unyevu wa hewa na kukaa nao, na humo ndani kuna giza na hewa haipiti. Ukiongeza kitambaa cha manyoya kilichobandikwa kwa gundi, koga imepata chumba, godoro na chakula.

Wenyeji wa hapa tunao mfano mzuri wa namna chuma kinavyolindwa na maji. Wajerumani walipoizamisha meli yao wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ile ambayo leo ni MV Liemba, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, miaka minane baadaye, mitambo ilikuwa bado na uhai. Grisi haifyonzi maji. Kama wangeifunga mitambo ile kwa ngozi, nadhani leo tungekuwa tunasimuliana habari nyingine.

Basi likague kava hivi. Ingiza pua ndani unuse. Likinuka uvundo, usilirudishie kamera. Pitisha kidole upande wa ndani: kikitoka na unga mwekundu kama vumbi la matofali, ngozi imekwisha, na ngozi ya namna hiyo hairudi kwa dawa yoyote. Vuta nyuzi za mshono kwa ukucha. Kisha vuta mshipi kwa nguvu, nguvu ya kweli, mahali unaposhikana na kava, maana kwenye makava mengi mshipi umeshonwa kwenye kava na si kwenye kamera. Mshono ukiachia, inayoanguka ni kamera.

Mwisho angalia vifungo vya shaba. Kwangu kila kifungo kilikuwa kimezungukwa na kitu cha kijani, laini, kama sabuni ya mche iliyolowa. Shaba imekutana na mafuta ya ngozi ikatoa kutu yake. Kitu hicho hicho nilikikuta kimehamia chini ya kamera. Kitoe kwa kijiti cha meno na kitambaa kikavu, usitumie kisu.

Hatua ya 2: Jiulize kamera yako inahitaji nini

Si kila kamera inafaidika sawasawa. Kama una FED, Zorki au Leica ya zamani, kava lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kamera hizo hazina kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi, na pazia la shata, yaani kile kinachofunguka kupitisha mwanga kwenye mkanda, ni la kitambaa. Ukiiacha lenzi wazi ikitazama jua, inafanya kama miwani ya kukuza inayochoma karatasi: jua linatoboa pazia. Pua ya kava inazuia hilo, ingawa kifuniko cha lenzi cha kawaida kinatosha pia.

Kamera zenye kioo, kama Zenit au Pentax K1000, hazina hofu hiyo. Kwao kava ni kinga ya kugongwa, kukwaruzwa na vumbi. Vijikamera vya plastiki vya miaka ya tisini, sahau kava. Soksi safi inatosha.

Jambo linalowaponza wengi liko chini ya kamera. Kwenye K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kitufe cha kuachia mkanda ili uurudishe kiko chini, na betri iko hapo hapo. Canon AE-1 nayo kitufe chake kiko chini. Kava likiwa limefungwa hukioni. Mtu anamaliza picha 36, anaanza kuzungusha kirudishio bila kubonyeza, anakuta kigumu, anakaza… mkanda unachanika. Kwa kamera hizi, kubadilisha mkanda maana yake ni kufungua skrubu, kuvua kava lote, ndipo ushughulike.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ukiwa nyumbani, bila mkanda

Kaa kitandani. Vua kava, fungua mgongo wa kamera, funga, vika tena. Rudia mpaka mikono izoee. Skrubu ya chini ikaze kwa vidole tu. Nimewaona watu wakiikaza kwa sarafu ya shilingi mia mbili mpaka uzi wa tundu ukaliwa. Na kama kava si la kamera hiyo tangu mwanzo, linganisha urefu wa skrubu na kina cha tundu kabla ya kuzungusha, isije ikasukuma kitu huko juu.

Hatua ya 4: Njiani, ivalishe

Hapa ndipo kava linapokula jasho lake. Treni ya kutoka Dar inatembea zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma, na begi lako halitakaa peke yake; juu yake watalaza gunia, ndoo, na mtoto wa mtu. Kiangazi kuna vumbi jekundu la barabarani linaloingia hata kwenye meno. Kwenye boti za kwenda Kagunga kuna mawimbi, mbao na pembe za makreti. Katika safari hizo kamera yangu haikai bila kava hata dakika moja.

Lakini kamera ikiwa ndani ya kava bado iingie kwenye begi, na begi lifunikwe na khanga. Ngozi nyeusi au ya kahawia iliyoko juani inapata moto kama kikaango, na mkanda wa rangi haupendi joto. Usiiache juu ya dashibodi ya daladala hata kama dereva ni shemeji yako.

Hatua ya 5: Ukifika kwenye kazi, vua pua

Asubuhi moja nilikuwa Katonga, wavuvi wanarudi na dagaa. Nilikuwa nimefungua kava kwa mtindo ule wa kwenye matangazo, pua ikining'inia chini ya kamera kama taya la mbuzi. Mzee mmoja alikuwa anakunja wavu, mwanga umempiga ubavuni, kila kitu kimekaa. Nikainama. Pua ikanasa kwenye kamba ya mtumbwi. Nilipojinasua na kunyanyua kamera, mzee ameshageuka ananitazama mimi, na ananicheka. Picha niliyoipata ni ya kicheko, na si mbaya, lakini sikuifuata hiyo.

Tangu siku ile, nikifika nafungua vifungo viwili vya nyuma, natoa kile kipande cha juu chote na kukitia mfukoni. Makava mengi yanaruhusu hivyo. Lako likikataa, vua lote. Kipande cha chini nakiacha, kinanipa mshiko mzuri mikono ikiwa na maji. Kwenye harusi na sendofu hata hicho nakitoa, kwa sababu nabadilisha mikanda mara nne au tano na bibi harusi hangoji skrubu.

Tena, bandarini na stesheni omba ruhusa kabla ya kunyanyua kamera. Kava zuri la ngozi halimlainishi mlinzi.

Hatua ya 6: Mvua ikikukuta

Toa kamera kwenye kava mara moja, hata kama inaonekana kavu. Ifute. Kava lijaze karatasi za gazeti, liweke kivulini penye upepo, ubadilishe karatasi zikilowa. Usilianike juani wala usilisogeze karibu na jiko la mkaa. Litakakamaa, litajikunja, na kamera haitaingia tena. Mimi naliacha likauke siku mbili nzima, tatu ikiwa ni masika.

Hatua ya 7: Usiku, kila kimoja na kwake

Kamera inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya chembechembe za kukausha vile vinavyokuja na viatu vipya. Kava linaning'inia msumarini nje ya kabati. Vipakiti hivyo hushiba maji, usidhani vinafanya kazi milele. Chembe zinazobadili rangi ndizo rahisi kuzisimamia: zikibadilika, zimwage kwenye sufuria, moto mdogo, koroga mpaka rangi yake irudi. Sufuria hiyo isirudi kupikia wali, hasa kama chembe ni za bluu, zina sumu. Ukizikosa kabisa, mchele uliokaushwa kikaangoni bila mafuta, ukapoa, ukafungwa kwenye kitambaa, unasaidia siku chache. Usiumwage kopo zima bila kitambaa, una unga.

Mara moja kwa mwezi mulika lenzi. Kama inatoka, itoe, fungua tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari kidogo. Kama haitoki, hakikisha hakuna mkanda ndani, fungua mgongo, weka shata kwenye B (hapo inabaki wazi mradi umebonyeza), bonyeza ushikilie, mulika. Koga changa inaonekana kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Ukiiwahi hapo, fundi ataifuta isiache kovu.

Hatua ya 8: Kulilisha kava, au kulipata jipya

Ngozi iliyokauka inahitaji mafuta kidogo. Kidogo! Kiwi isiyo na rangi, au nta ya nyuki iliyolainishwa, upande wa nje tu, kitambaa kikavu kifuatie. Yenye rangi itakuchafulia shati. Samli na mafuta ya kupikia yanaoza na kuialika koga uliyotoka kuifukuza.

Kava la mjomba nililipeleka kwa fundi viatu sokoni. Aliligeuza, akalikuna kwa kucha, akaniambia, "Mdogo wangu, hii ngozi nikiipitisha sindano inachanika yenyewe." Akanitengenezea kava nusu kwa ngozi ya ng'ombe, bila kitambaa ndani, mshipi ukifungwa kwenye pete za kamera yenyewe. Ukitaka kufanya hivyo mchoree umbo kwenye boksi la viatu, mkabidhi na kamera apimie, mwombe uzi wa nailoni uliopakwa nta. Na kama ya kwako ni K1000 au ndugu zake, mwambie mapema aache tundu chini, penye kitufe cha mkanda. La rafiki yangu tulisahau. Tulilitoboa baadaye kwa msumari wa moto, na linanuka moshi mpaka leo.