Jinsi ya kuomba muda zaidi wa kujaza ritani ya IRS wakati bado unalipa deni la zamani kwa awamu

Kila inapokaribia tarehe 15 Aprili, Waswahili wengi wa Marekani wenye makubaliano ya kulipa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kidogo kidogo kila mwezi huwa na hofu moja: ritani ya mwaka huu haijakamilika, je, nikiomba muda watanifutia mpango wangu? Hawaufuti. Kinachovunja mpango ni kuruka malipo ya mwezi, kutojaza ritani kwa wakati, au kuzua deni jipya na kulinyamazia. Ombi la muda likitumwa kufikia siku ya mwisho, ritani itahesabika imekuja kwa wakati mradi uiwasilishe kufikia 15 Oktoba.

Tatizo liko kwingine. Miezi hiyo sita ni ya makaratasi, pesa haimo. Kodi ya mwaka mpya inadaiwa 15 Aprili ileile, na riba inaanza kukimbia kesho yake, ombi liwe limekubaliwa au la.

Hata hivyo, omba. Asiyejaza ritani wala kuomba muda, na ana kodi anayodaiwa, hutozwa faini ya asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Aliyeomba muda lakini hajalipa hutozwa asilimia 0.5. Kwa deni la dola 3,000, huyo wa kwanza anapigwa dola 150 kwa mwezi, wa pili dola 15, riba mbali. Wanaojificha kwa sababu hawana pesa ndio wanaoumia zaidi, na hakuna haja.

Anza kwa kuingia kwenye akaunti yako katika tovuti ya IRS. Utathibitishwa kupitia ID.me, huduma ya kuthibitisha utambulisho mtandaoni, kwa hiyo uwe na kitambulisho na simu yenye kamera. Humo angalia mambo mawili: ni miaka ipi hasa inayodaiwa, na kama kuna ritani ya nyuma ambayo haijawahi kufika. Ikiwapo, ishughulikie kwanza.

Kisha kadiria kodi ya mwaka. Tuseme unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na wikendi unaendesha Uber. Chukua W-2, fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, uone kazini wamekata kiasi gani, halafu piga hesabu ya faida ya Uber baada ya kutoa gharama. Hapo usisahau kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, ambayo inakuja juu ya kodi ya mapato ya kawaida. Ndiyo inayowaingiza madereva wengi kwenye deni mwaka baada ya mwaka. Ukipata kodi yote ni dola 7,100 na umeshakatwa 4,100, umebakiwa na 3,000.

Namba hizo ndizo zinazoingia kwenye Fomu 4868, ndiyo ya kuombea muda, ambayo sehemu ya kujaza haifiki hata nusu ukurasa. Juu unaandika jina, anwani na namba ya hifadhi ya jamii (SSN) au ya mlipa kodi (ITIN), na ya mwenzi wako kama mnajaza pamoja. Mstari wa 4 ni kodi uliyokadiria (7,100), wa 5 ulichokwisha kulipa au kukatwa (4,100), wa 6 kilichobaki (3,000), na wa 7 kiasi unacholipa sasa. Huo wa 7 unaweza kuwa mdogo, hata sifuri. Usicheze na wa 4: ukiandika sifuri huku unajua unadaiwa, IRS inaweza kulihesabu ombi lako kuwa batili.

Itume bure kupitia Free File, huduma ya kutuma fomu za IRS mtandaoni, ambayo kwa ombi hili haina kikomo cha kipato, na uhifadhi ujumbe wa kwamba imepokelewa. Ukituma kwa posta, muhuri uwe wa siku ya mwisho au kabla. Njia rahisi kuliko zote ni kulipa chochote kwa Direct Pay, mfumo wa IRS wa kulipa moja kwa moja kutoka benki, na kuchagua kuwa malipo ni ya kuongezewa muda. Hapo fomu yenyewe haihitajiki.

Kwenye Direct Pay kuwa macho. Mwezi wa Aprili utakuwa na malipo mawili tofauti. La mwezi la deni la zamani linachaguliwa kama malipo ya awamu, kwa mwaka wa deni hilo. La muda linachaguliwa kama la kuongezewa muda, kwa mwaka wa ritani ambayo hujaijaza. Ukiyachanganya, pesa itaingia mwaka usio wake na mpango wako utaonekana umeruka mwezi. Kama pesa haitoshi yote mawili, lipa awamu ya mwezi kwanza.

Sasa zile 3,000. Deni jipya huandikwa rasmi kwenye akaunti ukishawasilisha ritani. Kwa hiyo itumie miezi hiyo sita kulipunguza kila unapopata kitu, ili Oktoba ritani iingie ikiwa na salio dogo au bila salio. Na ukiwa umelipa angalau asilimia 90 ya kodi yote kufikia 15 Aprili, kisha ukamalizia pamoja na ritani, faini ya kuchelewa kulipa haikuhusu. Inabaki riba tu.

Ikiwa Oktoba bado kuna salio, usitume Fomu 9465. Hiyo ni ya anayeomba mpango kwa mara ya kwanza. Wewe piga 800-829-1040 uombe salio jipya liunganishwe na mpango ulionao, kabla barua ya CP523 haijafika. Barua hiyo inasema wanakusudia kuvunja mpango, na inakupa siku 30. Ritani iliyokuja kwa wakati, muda wa nyongeza ukiwemo, inakusaidia hapa pia: mpango unapoendelea, faini ya kuchelewa kulipa hushuka hadi asilimia 0.25 kwa mwezi.

Kodi ya jimbo ina sheria zake. Wa Texas hana wasiwasi, kwani hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Minnesota inatoa miezi sita ya kujaza bila kuomba. New York inataka fomu yake, IT-370.

Na kama ritani ya Oktoba itaonyesha unarudishiwa pesa, usizipangie matumizi. IRS itazichukua kupunguza deni la zamani, na hazihesabiwi kama malipo yako ya mwezi. Awamu ya Novemba unailipa kama kawaida.